Gari la Mkunga Lililokosa Pumzi

Mara ya kwanza gari la mama mkwe wake lilipovuja oili, fundi alicheka. Mara ya pili alikunja uso. Mara ya tatu aliacha kuzungumzia habari za magari mbele ya watu. Mara ya nne alipigiwa simu na shemeji yake mkubwa asubuhi na mapema, mswaki ukiwa bado mdomoni, na shemeji hata salamu hakutoa.

"Njoo uone kazi yako," akasema, akakata simu.

Kazi yake ilikuwa doa. Doa jeusi la mviringo, kubwa kama sinia, katikati ya uwanja uliotandikwa matofali mapya ya rangi ya maziwa. Shemeji mkubwa alikuwa meneja wa duka la vigae, na uwanja ule aliupenda kuliko watu wengine wanavyowapenda watoto wao. Alikuwa ameuosha kwa sabuni ya unga, kwa petroli, kwa siki, na siku moja, akiwa amekata tamaa kabisa, kwa dawa ya meno. Doa likishaanza kufifia, gari linarudi kutoka gereji na kuweka jingine pembeni yake.

"Shemeji," alisema meneja, mikono kiunoni, "nikuulize kitu. Wewe gari unalitengeneza au unalimwagilia?"

Fundi alipiga magoti, akachungulia chini ya injini. Oili ilikuwa inatokea mbele, pale pale alipotia sili mpya miezi miwili iliyopita.

"Naomba nilichukue tena," akasema.

"Chukua. Lakini Jumapili saa nne mtu wa vyuma chakavu anakuja na lori lake. Nimeshaongea naye. Likidondosha tone moja mbele yake, anaondoka nalo, na mama atapumzika nyumbani kama wanavyopumzika mama za wenzetu."

Mama mwenyewe alikuwa amesimama kizingitini na kikombe cha chai, anasikia kila neno. Hakusema kitu. Hilo lilimshangaza fundi, kwa sababu mama huyo kunyamaza hakuwa amezoea.

Alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ilikuwa imepita mikononi mwake, na hakumwogopa mtu yeyote, maana, kama alivyokuwa akisema mwenyewe, wote alishawaona wakiwa uchi na wanalia. Mumewe alipofariki, mwanawe mkubwa alimhamishia kwake, akampa chumba kizuri chenye kitanda kizuri na televisheni kubwa. Mkunga alishukuru, akalala usiku mmoja, na asubuhi akawasha gari. Tangu hapo hakuna siku aliyoshinda ndani. Anakwenda kumtazama mzazi fulani ambaye maziwa hayatoki, anakwenda kumgombeza mume fulani asiyefua nepi, anakwenda kwa shoga yake wakachambue watu hadi jioni. Nyumba ya mwanawe ilikuwa mbali na kila kitu, juu ya kilima, kama nyumba za mameneja zinavyokuwa. Bila gari lile, mama angebaki na televisheni. Fundi alilijua hilo, na mkunga alijua kwamba fundi analijua.

Ila kulisema hawakuwahi. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa, fundi alikuwa amemwambia mama mkwe wake maneno mawili tu, "shikamoo mama" akifika na "asante mama, nimeshiba" akiondoka. Kwa wateja wengine alikuwa na mdomo wa kutosha. Angewauliza gari linanukaje, linalia wapi, nani kaligusa, mlipita njia gani, hadi wachoke. Kwa mkwe alipokea ufunguo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaondoka. Heshima ilimziba mdomo.

Kwa hiyo alikuwa ametengeneza gari kimyakimya. Safari ya kwanza oili ilitokea juu, akabadilisha gasketi ya tapeti kava, ule mpira wa mfuniko wa juu wa injini. Safari ya pili ikatokea mbele, akabadilisha sili ya krenki, yaani pete ya mpira inayozuia oili isitoroke pale chuma kinapozunguka. Safari ya tatu ikatokea nyuma, akashusha gia boksi peke yake, akaumwa mgongo siku nne, akabadilisha sili ya nyuma. Sasa imerudi mbele. Mafundi wenzake walishaanza kumwita Bwana Sili, na aliyeanzisha jina hilo alikuwa Kipara, mpaka rangi wa banda la jirani, mtu aliyekuwa na nywele nyingi kuliko haja na mdomo mrefu kuliko nywele.

Jumamosi asubuhi Bwana Sili alifanya jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu mwanzo. Hakugusa spana. Aliiosha injini ikang'aa, akaiwasha, akageuza ndoo, akaikalia, akatazama.

Dakika kumi hakuona kitu. Kisha kijiti cha kupimia oili kikaanza kupanda chenyewe, taratibu, kama mtu anayechungulia dirishani. Fundi akakirudisha kwa kidole. Kikapanda tena. Akakisukuma kwa hasira, na kile kikaruka kabisa na kumtemea oili kifuani.

"Hee," alisema fundi. "Kumbe kuna kitu ndani kinasukuma."

Alihitaji glavu ya mpira. Hakuwa nayo, lakini alijua nani anazo. Kwenye kijidroo cha dashibodi mkunga alikuwa na boksi zima, maana mtu wa kazi yake hastaafu mikono. Fundi akachomoa moja, akafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, akauvalisha mdomo wa tundu glavu ile na kuishika kwa raba.

Injini yenye afya ingeivuta glavu hiyo ndani kidogo. Hii iliijaza. Kilisimama kidole gumba, kikafuata cha shahada, halafu vyote vitano, mkono mkubwa mweupe ukawa unatetemeka hewani na kumpungia.

"Bwana Sili!" Kipara aliita kutoka bandani kwake. "Gari la mkweo linakusalimia! Itikia basi, usiwe na dharau!"

Alikuwa bado anacheka glavu ilipokatika raba. Iliruka kwa mlio usiofaa kusikika mbele ya wakwe, ikapita juu ya boneti, ikatua *pwaa* kwenye mlango mweupe ambao Kipara alikuwa ametoka kuupaka rangi dakika tano zilizopita. Ikabaki imeganda pale, vidole vyote vimetawanyika, oili ikichuruzika. Matusi yaliyofuata yalikuwa mengi na mengine yalikuwa mapya. Fundi hakuyasikia. Alikuwa ameshika kichwa.

Injini nayo hupumua. Moto ukiwaka ndani, moshi kidogo hupenya kando ya pistoni na kushuka kwenye oili. Lazima moshi huo upate pa kutokea, na njia yake ni bomba la mpira lenye vali ndogo, ambalo huupeleka kwenye manifoldi, njia ya hewa inayoingia injini, ukaungue upya. Njia hiyo ikiziba, moshi haupotei. Unajaa, unasukuma, na oili inatokea popote palipo dhaifu. Ukiziba mbele inatoka nyuma, ukiziba nyuma inarudi mbele, na wewe unabaki kununua sili. Kila mwanafunzi wa ufundi hufundishwa jambo hilo wiki ya pili, na fundi alikuwa na cheti ukutani cha kuthibitisha kwamba wiki ya pili alihudhuria.

"Mjinga wewe," alijiambia kwa sauti. "Mjinga na cheti chako."

Akazima injini, akaanza kulifuata lile bomba kwa mkono. Kwenye gari la zamani kama lile lilipita nyuma kabisa ya injini, mahali ambapo jicho halifiki na mkono unafika kwa kuchubuka. Vidole vikagusa mpira, vikagusa mpira, vikagusa kitu laini. Akalegeza bomba pande zote mbili, akalitoa nje kwenye mwanga.

Katikati lilikuwa limefungwa plasta ya hospitali, nyeusi kwa masizi. Akaibandua. Chini yake bomba lilikuwa na ufa mdogo, urefu wa ukucha. Na kila upande wa ufa, kwa umbali wa vidole viwili, kulikuwa na uzi mweupe wa kushonea vidonda, umezungushwa mara mbili, umekazwa barabara, umefungwa fundo na kukatwa ncha kwa usafi wa ajabu.

Fundi alizitazama zile nyuzi mbili kwa muda mrefu. Watoto wake wote wawili walizaliwa mikononi mwa bibi yao, na mara zote mbili yeye alikuwepo, anatetemeka mlangoni. Mafundo yale aliyajua. Gari la mkunga lilikuwa limefungwa kitovu.

Alielewa yote kwa mara moja. Bomba lilipasuka, moshi ukanuka ndani ya gari, mama akafungua boneti mwenyewe, akaona bomba linavuja, na mikono yake ikafanya ilichofanya miaka arobaini, fundo huku, fundo huku, kazi imekwisha. Harufu ikakoma. Muda si mrefu oili ikaanza.

Akacheka hadi machozi yakamtoka. Halafu akakasirika, maana alikumbuka mgongo wake, na gia boksi, na "unalimwagilia". Halafu akampigia simu mkewe.

Mkewe naye alicheka, akacheka hadi simu ikamdondoka, fundi akasikia inagonga sakafu. Alipoiokota sauti ilikuwa nyingine.

"Usimwambie kaka."

"Kwa nini? Si kosa kubwa."

"Kwako. Kaka anasubiri neno moja tu. Atasema akili imeanza kumtoka mama, anashona magari. Atachukua ufunguo, na safari hii hata lisipovuja hatarudisha. Sema ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Sema ulisahau tambara ndani ya bomba. Baba watoto, jina lako kwa kaka limeshaharibika. Kuliharibu kidogo zaidi hakuumi."

"Kunaniuma mimi!"

Lakini alishajua kwamba atafanya hivyo, na mkewe alijua pia, ndiyo maana alikata simu bila kubembeleza zaidi.

Fundi akafanya kazi siku nzima. Vali ilikuwa imejaa uchafu mzito kama lami. Akailoweka kwenye petroli, akaisugua, akaitikisa sikioni hadi kijiti kilicho ndani yake kikacheza na kulia vizuri. Akaweka bomba jipya kutoka mwanzo hadi mwisho. Akang'oa sili ya mbele iliyosukumwa ikatoka nusu mahali pake, akatia nyingine, ya tatu sasa, akaiombea. Alipoivalisha injini glavu ya pili, ikavutwa ndani taratibu na kutulia, vidole vyote vimeinama. Kipara alitazama kutoka mbali, brashi mkononi, akarudi kupaka mlango wake upya.

Jumapili saa nne lori la vyuma chakavu lilikuwa limeshaegeshwa getini. Mwenyewe, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa anazunguka uwanja na kulipima gari kwa macho. Shemeji mkubwa alitandika shuka jeupe chini ya injini kwa mikono yake, akanyoosha pembe. Mkewe fundi alisimama karibu na mumewe. Mkunga alikaa kwenye kiti cha plastiki kizingitini, mikono mapajani, mkoba begani kama mtu anayesubiri basi ambalo hana hakika kama litakuja.

"Washa," alisema meneja.

Fundi akawasha. Wakasubiri nusu saa. Injini iliunguruma, jua likapanda, mtu wa chuma chakavu akaomba maji, akaletewa, akamaliza, akaomba tena. Meneja aliinama mara nane. Mara ya nane alilala kabisa kifudifudi, shati lake la Jumapili likigusa matofali, akalikagua shuka inchi kwa inchi. Shuka lilikuwa safi kama lilivyotoka kabatini.

Aliinuka, akajipangusa, akaonekana kama mtu aliyeporwa kitu.

"Sawa," akasema. "Ilikuwa nini basi?"

Fundi akapiga moyo konde. "Tambara," akasema. "Kuna tambara nililisahau ndani ya bomba. Likaziba. Kosa langu."

"Tambara!" Meneja alimgeukia mtu wa chuma chakavu, maana furaha haitoshi bila shahidi. "Umesikia? Miezi yote hii! Uwanja wangu, shuka zangu, maji yangu, kumbe ni tambara! Shemeji, wewe ukifungua hospitali watu watazikwa na mkasi tumboni!"

Mtu wa chuma chakavu alicheka kwa adabu, kama mgeni. Fundi alitazama viatu vyake. Masikio yalikuwa yanamchoma. Alijiambia kwamba ni maneno tu, maneno hayavunji mbavu, ila yalikuwa yanamuuma kweli, kwa sababu katika dunia nzima kitu alichokuwa nacho ni kazi ya mikono yake.

"Tambara gani?" aliuliza mkunga.

Wote wakageuka.

"Jeupe, mama," alisema fundi.

"Refu?"

"La kawaida tu, mama."

"Muongo," alisema mkunga, akasimama.

Alishuka ngazi taratibu, mkoba begani. Alikuja hadi kwenye gari, akazima injini, akachomoa ufunguo.

"Hakuna tambara. Nilifunga mimi," alisema. "Lilipasuka, likanuka, nikalifunga kama ninavyofunga kitovu. Na lilipoanza kuvuja nilijua. Siku ile ya kwanza nilijua ni mimi, maana kitu ukikifunga halafu kikavimba, hata mwanafunzi wangu wa kwanza angejua. Nikanyamaza. Huyu akawa anatukanwa hapa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nami nimekaa pale pale na chai yangu nasikiliza. Niliogopa. Nilijua nikisema mtanichukulia ufunguo." Alivuta pumzi. "Nimezalisha wanawake kwenye mafuriko, sijawahi kuogopa. Hili niliogopa."

Uso wa meneja ulibadilika. Hakuwa tena mtu wa matofali. Alikuwa mtoto anayemwonea mama yake hofu, na hofu yenyewe haikujua njia nyingine ya kutoka.

"Mama," alisema kwa upole, akanyoosha mkono, kiganja juu. "Umeona sasa? Ndicho ninachosema kila siku. Leo bomba, kesho breki. Lete ufunguo."

Mkunga aliutazama mkono ule. Kisha, mbele ya wote, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha mwanawe. Hakubishana. Fundi hakuwahi kumwona ameshindwa hivyo, hata siku ya msiba wa baba mkwe.

"Kaka," alisema fundi.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyopanga. Mtu wa chuma chakavu alirudi nyuma hatua moja.

"Kaka, mama amekosea mara moja, na hakusomea magari. Mimi nimesomea. Nimekosea mara tatu. Nilibadilisha sili kama mtu anayepangusa sakafu bomba la maji likiwa wazi, na sikumuuliza mama hata neno, eti namheshimu. Ningeuliza tu 'mama, gari lilikuwa linanuka?' tungemaliza siku ya kwanza. Kama anayekosea ananyang'anywa ufunguo, tuanze na mimi."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa gari lake na wa gereji, akaziweka juu ya ule wa mkunga.

"Na mimi ndiye niliyemwambia adanganye," alisema mkewe. Akafungua pochi, akaweka wa nyumba. Ukakosa pa kukaa, akausukumiza.

Meneja alibaki amenyoosha mkono uliojaa funguo za watu. Alitazama kiganja chake, akamtazama mama, akatazama shuka jeupe.

"Bosi," aliuliza mtu wa chuma chakavu, ambaye alikuwa na siku ndefu mbele yake, "sasa mimi nabeba lipi?"

Mkunga ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kikashuka tumboni, akashikilia boneti asianguke. Binti yake akamfuata. Hata meneja alitabasamu upande mmoja wa mdomo, bila ridhaa yake. Mkunga akafuta macho kwa kiganja, akaendea mkono wa mwanawe, akachambua funguo kwa vidole vyake vya kazi, akachukua wake.

"Siku nitakayogonga kitu, nitakuletea mwenyewe," alimwambia. "Kama nilivyoleta leo. Umeona ninaleta."

Vidole vya meneja vilijaribu kufumba, vikasita, vikabaki wazi.

Mkunga akaingia garini, akafunga mkanda, akawasha, akateremsha kioo. "Ondoa lori," alimwambia mtu wa chuma chakavu, na yule akaenda mbio kama aliyetumwa na mama yake. Kisha akamgeukia fundi.

"Panda."

"Asante mama, mimi hapa nipo sawa."

"Panda, mwanangu. Nataka kukuomba radhi, na nikianza hapa nitalia, na huyu kaka yako atasema nimezeeka."

Fundi akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akakaa kiti cha mbele karibu na mama mkwe wake, magoti yamebana, mikono yenye oili imewekwa juu asichafue kiti. Gari likatoka getini. Funguo zake zilikuwa bado mkononi mwa shemeji.